Kuokoa Mteremko Ulio Chini ya Nyumba

 Mazungumzo yangu ya leo ni hasa kwa ninyi mnaoishi milimani: Usambara, Upare, Uluguru, Umatengo, Rungwe, na miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Ndugu zetu wa tambarare nao wasizime redio, maana maji yateremkayo kutoka milimani huishia kwao.

Mara nyingi Mabwana Shamba na Mabibi Shamba wamewaeleza namna ya kuhifadhi udongo wa shamba. Leo nataka tuzungumze juu ya udongo ulioshika nyumba. Mnajua wenyewe kwamba huko juu hakuna uwanja wa kuchagua. Mtu hujenga kwenye mgongo wa mlima, au huchimba ubavu wa mlima akapata kijukwaa, akasimamisha nyumba yake hapo. Shule ni hivyo hivyo, zahanati ni hivyo hivyo, msikiti na kanisa pia. Na mahali pengine gari halifiki. Saruji imepanda mlima kichwani mwa akina mama, bati zimepanda mabegani mwa vijana, mawe yamebebwa na watoto wa shule. Jengo la namna hiyo likianguka si rahisi kulijenga tena. Kwa hiyo ulinzi wa mteremko ulio chini yake ni kazi ya kuokoa jasho la kijiji kizima, na zaidi ya jasho, kuokoa watu.

Nisitie chumvi katika jambo hili. Mwezi wa Novemba mwaka 2009, huko Goha, wilaya ya Same, mlima uliporomoka usiku wa mvua na watu zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 1 Machi 2010, katika wilaya ya Bududa nchini Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, udongo ulifukia kijiji cha Nametsi pamoja na kituo chake cha afya. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang' yalishuka mpaka mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mlima hauna huruma, lakini mara nyingi huonya kabla. Basi tujifunze kusoma maonyo yake, na tujifunze kazi inayowezekana kwa jembe, sururu, mawe na majani.

Kwanza tuulize: kwa nini mteremko ulio chini ya nyumba huharibika upesi kuliko mteremko mwingine?

Sababu ya kwanza ni kifusi. Ulipochimba ubavu wa mlima upate kijukwaa, udongo uliochimbwa uliutupa upande wa chini. Nusu ya uwanja wako, pengine na nusu ya nyumba, imekaa juu ya ardhi ngumu ya asili. Nusu ya pili imekaa juu ya udongo uliotupwa tu, juu ya majani, bila kushindiliwa. Udongo ule haujashikana na mlima. Majani yaliyofukiwa chini yake yakioza, hapo katikati panakuwa kama sahani iliyopakwa sabuni.

Sababu ya pili ni paa. Hapa nataka mchukue kalamu, au mhesabu kwa vidole. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati, unapata lita 1 ya maji. Tuseme zahanati ina paa la urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Hizo ni mita za mraba 160. Mvua kubwa ya siku moja, tuseme milimita 50, itaangusha juu ya paa lile lita 8,000. Ni mapipa 40 ya lita 200. Ni uzito wa tani 8. Kabla ya kujenga, maji hayo yalitawanyika juu ya nyasi, yakanywewa kidogo kidogo. Sasa yanadondoka kwenye mistari miwili tu, chini ya kingo za bati, na mstari mmoja uko upande ule ule wa kifusi. Je, tushangae kuona korongo?

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe na mifugo yetu. Tunapita njia moja iteremkayo moja kwa moja kwenda kisimani, mbuzi wanafungwa kwenye ukingo, akina mama wanamwaga maji ya kufulia mahali pale pale, na choo kimechimbwa pembeni kabisa ili kisisumbue. Na kila mwaka jembe linakaribia ukuta hatua moja zaidi, kwa kuwa ardhi haitoshi.

Sasa tutofautishe mambo mawili, maana dawa zake si moja.

La kwanza ni mmomonyoko wa juu. Maji yanachukua udongo wa juu, yanachora vijito, vijito vinakuwa makorongo, na mwishowe msingi wa nyumba unaonekana. Ugonjwa huu unatibika kwa mikono yetu.

La pili ni mporomoko. Hapa ardhi nzima, pamoja na miti na mihogo yake, imeanza kushuka kama blanketi linalotelezeka kitandani. Ugonjwa huu uko ndani. Majani peke yake hayawezi kuuzuia, kwa sababu sehemu inayoteleza mara nyingi iko chini zaidi ya mizizi.

Utautambuaje? Tembea juu ya nyumba na chini ya nyumba, ukitazama dalili hizi. Ufa ardhini uliopinda kama mwezi mchanga, ncha zake zikielekea bondeni. Ardhi iliyokatika kama kidato cha ngazi, upande mmoja juu na mwingine chini. Miti au nguzo zilizosimama wima mwaka jana, na sasa zimeinama. Mlango au dirisha ambalo halifungi tena. Chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu. Chini ya mteremko, ardhi iliyotuna kama tumbo.

Ukiona ufa, fanya hivi. Pigilia kigingi kimoja upande wa juu wa ufa na kingine upande wa chini, vyote katika ardhi imara. Vuta kamba kati yake, upime, uandike kwenye daftari. Pima kila wiki, na wakati wa mvua pima kila siku. Urefu usipobadilika, ufa umelala. Ukiongezeka, hata kwa upana wa kidole, mlima unatembea. Hapo usingoje kumaliza masika. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji, mwarifu mtendaji, nendeni wilayani mkaombe wataalamu wa madini na ujenzi waje kupatazama. Watu wasilale tena katika nyumba hiyo wakati wa mvua.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ufa wa ardhini, uzibe kweli, lakini si kwa kutupia takataka. Jaza udongo wa mfinyanzi, shindilia kwa mti, uache juu umetuna kidogo ili maji yapite pembeni yasiingie. Kuziba huko hakuzuii mlima kushuka, bali kunamnyima adui yetu mlango. Na adui huyo ni maji.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaitaja kwa utaratibu wake, maana ukianza na la mwisho utapoteza nguvu bure.

Kazi ya kwanza ni kuongoza maji. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nitasema jambo linaloonekana kupingana na mafundisho ya siku zote. Shambani tumewafundisha kushika maji. Tumewaambia mchimbe makingamaji, mfanye fanya juu na fanya chini, maji yasimame yanywewe na ardhi. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, vishimo vinavyokinga maji na udongo juu ya miteremko mikali, nao wamezitumia tangu enzi za mababu. Hayo yote ni mema, lakini ni ya shamba. Juu ya nyumba iliyokaa kwenye kifusi, mtaro unaosimamisha maji ni hatari. Maji yale yatazama, yatafika kwenye ule udongo usioshikana, yatauongezea uzito na kuulainisha. Kwa hiyo kumbukeni maneno haya: shambani shika maji, penye nyumba ongoza maji.

Anza na paa. Tia gata upande wa chini wa paa kwanza, ule unaotazama bonde. Kama huna fedha ya gata la bati, mwanzi mkubwa uliopasuliwa katikati na kutolewa vifundo utafaa kwa misimu michache. Maji yaende kwenye tangi au pipa. Lakini angalia: tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Usiliweke ukingoni juu ya kifusi. Liweke upande wa mlimani, mahali ulipochimba ukakuta ardhi ngumu. Na bomba la kumwagia ziada lisiachwe likidondokea uwanjani. Lipelekwe kwenye mfereji.

Kisha chimba mfereji wa kukinga maji juu ya nyumba, mita 3 hadi 5 nyuma ya ukingo wa genge ulilolichimba. Upana sentimita 60 na kina sentimita 40 hutosha kwa nyumba nyingi. Kama kuna ufa, mfereji upite juu ya ufa, kamwe usipite katikati yake. Udongo unaoutoa uweke upande wa chini, uushindilie uwe tuta. Sakafu ya mfereji uishindilie kwa udongo wa mfinyanzi au uitandaze mawe, ili maji yasizame njiani.

Mfereji uwe na mwinamo mdogo tu: sentimita 5 kwa kila mita 10. Ukizidi, maji yatakimbia na kuula. Ukipungua, maji yatasimama. Mtaniuliza, Bwana Shamba, tutapimaje mwinamo mdogo hivyo bila chombo cha fundi? Tutatengeneza chombo chetu.

Chukua miti miwili iliyonyooka yenye urefu wa mita 2 na nusu. Ifunge pamoja juu, miguu ipanuke mita 2, kisha funga mti wa tatu katikati kwa kukingama. Umepata herufi A. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe, ifike chini ya ule mti uliokingama. Simamisha chombo, tia alama chini ya kila mguu, na tia alama kamba inapogusa mti. Sasa kigeuze, mguu wa kushoto ukae mahali pa kulia na wa kulia mahali pa kushoto, utie alama tena. Katikati ya alama mbili hizo ndipo pa usawa. Kamba ikigusa hapo, miguu yote miwili iko sawa. Kwa mfereji, funga kibao cha unene wa sentimita 1 chini ya mguu unaotangulia kule maji yanakokwenda. Kila hatua ya chombo ni mita 2, na kila mita 2 utashuka sentimita 1. Ndiyo sentimita 5 kwa mita 10. Kwa mistari ya majani, ambayo hatutaki ishuke, toa kile kibao.

Na mdomo wa mfereji uende wapi? Hapa ndipo majirani wanapogombana, na wana haki ya kugombana. Maji hufuata mkondo, lakini mkondo uliouchimba wewe ni dhamana yako. Usiyamwage juu ya shamba la mwenzako wala juu ya njia. Yapeleke kwenye mwamba, au kwenye kijito cha asili, au kwenye uwanja mpana wa nyasi nene. Penye mteremko mkali mpaka kijitoni, panga ngazi za mawe maji yashuke yakivunjika nguvu. Kabla ya kuchimba, mwite jirani wa chini mtembee pamoja njia yote ya maji. Ni afadhali saa moja ya maneno kabla ya sururu kuliko miaka ya kesi baadaye.

Kazi ya pili ni kukitengeneza kifusi chenyewe. Kifusi kikisimama wima kama ukuta, hakuna jani litakalokishika. Kilaze. Kwa kila mita 1 ya kimo, kiende mbele mita 2. Ukihitaji kuongeza udongo, usiutupe kutoka juu. Kwanza ng'oa majani, kata vidato katika ardhi ngumu kama ngazi, halafu jaza udongo tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15, ukishindilia kabla ya kuweka jingine.

Kama hakuna nafasi ya kukilaza, jenga ukuta wa mawe chini yake. Ukuta wa mawe matupu, usio na saruji, ni mzuri kwa sababu maji hupenya. Chimba msingi mpaka ardhi ngumu, usipungue sentimita 30. Tako la ukuta liwe na upana wa sentimita 60 kwa ukuta wa kimo cha mita 1. Uuinamishe kidogo kuelekea mlimani. Mawe marefu yalale ncha yakiingia ndani ya mlima, si kupangwa kama matofali ya urembo. Kila jiwe likae juu ya mawili. Nyuma ya ukuta jaza kokoto na mawe madogo, si udongo. Usizidishe kimo cha mita 1. Ukihitaji zaidi, muite fundi anayejua, au jenga kuta mbili fupi, ya pili ikiwa nyuma ya kwanza kwa mita 2 au zaidi. Na aliyekwisha kujenga kwa saruji, aache matundu ya kutolea maji, kwani ukuta usio na matundu ni bwawa, na siku moja bwawa hupasuka.

Penye korongo lililokwisha anza, panga vizuizi vidogo vya mawe au vigingi na fito. Juu ya kizuizi cha chini pawe sawa na tako la kizuizi cha juu yake. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko pembeni, maji yapite katikati. Ukikosea hapo, maji yatazunguka pembeni na kulipanua korongo.

Kazi ya tatu ndiyo majani. Sasa nitayasema kwa raha, maana ndiyo kazi yangu.

Kwa kushika kifusi, majani ya vetiva ni askari hodari. Mizizi yake haitambai. Inashuka chini moja kwa moja, na katika udongo mzuri huweza kufika mita 3. Hayavamii shamba, kwa kuwa hupandwa kwa mashina wala hayasambai kwa mbegu. Gawanya shina lililokomaa upate vipande vyenye machipukizi mawili au matatu. Punguza majani yabaki sentimita 20. Panda kila sentimita 15, katika mistari ya usawa uliyoipima kwa chombo chetu. Mstari mmoja na mwingine uachane kwa kimo cha mita 1. Mistari mitatu ya mita 20 inahitaji vipande 400. Baada ya mwezi rudi uzibe mapengo, kwani pengo moja katika mstari ni mlango wa korongo.

Upande wa Lushoto, tangu miaka ya 1980, wakulima wengi wamepanda majani ya Guatemala na majani ya tembo kwenye mistari ya usawa. Haya yana faida ya kulisha ng'ombe wa ndani. Yakate yakibaki na kimo cha magoti, yasikatwe mpaka ardhini. Na kule Uchaggani, masale yanayopandwa mipakani yanafaa pia kupandwa kwa kubanana kwenye mistari, maana kipande kilichochomekwa ardhini huchipua na kushika.

Miti je? Mgrivea na miti mingine ya shamba ipandwe, lakini mbali na ukingo. Mti mrefu ukingoni mwa kifusi ni mzigo, na upepo ukiutikisa unaulegeza udongo. Ukingoni panda vichaka vifupi. Migomba nayo ni chakula, naipenda kama ninyi, lakini mizizi yake haishiki mteremko. Mgomba usitegemewe kuwa ukuta.

Kwa wale wanaoishi juu sana penye baridi kali, vetiva hukua polepole na hudumaa kivulini. Huko tumieni nyasi za hapo hapo. Zikateni kwa chepe pamoja na udongo wake, mapande kama matofali, mzipange juu ya kifusi na kuzipigilia kwa vijiti. Baadhi yenu hubeba mizigo ya wapandaji wa Kilimanjaro, na mmeona vibanda vya Horombo, penye kimo cha mita 3,720. Huko juu baridi ya usiku hugandisha maji yaliyo udongoni, barafu ikaunyanyua udongo, na jua likichomoza ukalegea na kuporomoka. Nyasi zilizokanyagwa zikafa huchukua miaka mingi kurudi. Kwa hiyo kadiri unavyopanda mlima, ndivyo inavyokupasa kutunza jani lililopo kuliko kutumaini jani jipya.

Ndugu wakulima, sasa nifike kwenye jambo gumu, ambalo halimo katika vitabu vya mawe na majani. Mteremko ulio chini ya shule au zahanati mara nyingi ni shamba la mtu. Maharage yaliyopo hapo ndiyo chakula cha watoto wake. Tukimwambia asilime tena mita 5 kutoka ukingoni, na chini yake aache mistari ya majani, tumemnyang'anya sehemu ya sufuria yake kwa faida ya wote.

Tujifunze kwa yaliyopita. Wakati wa ukoloni, wakulima wa Uluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi matuta yale yalileta juu udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ikazuka ghasia, na mpango ule ukafa. Usambara nako wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta, wakayakataa. Si kwamba wazee wetu hawakuupenda udongo wao. Walikataa kazi isiyo na faida kwao, iliyoamriwa na mtu asiyekula nao.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji usianze na faini. Uanze na swali: jirani huyu atapata nini? Majani yatakayopandwa yawe mali yake, akate yeye, alishe au auze yeye. Msaragambo ukija kujenga ukuta wa zahanati, siku moja ya msaragambo iwe ya kutengeneza makingamaji katika shamba lake lililobaki. Pakiwa na ardhi ya kijiji, apewe kipande badala ya alichokiacha. Na makubaliano yaandikwe katika kitabu cha kijiji, viongozi wakibadilika yasipotee. Mteremko unaolindwa na mtu aliyeridhika hauhitaji mlinzi mwingine.

Na kuna jambo gumu kuliko hilo. Pengine mtafanya yote niliyoyasema, na kamba ya vigingi itaendelea kurefuka. Hapo ujue ni ule ugonjwa wa ndani. Usimwage tena saruji juu ya mlima unaotembea. Ng'oeni bati, milango na madirisha mapema, wakati wa kiangazi, mkajenge mahali pengine. Najua inavyouma kuvunja nyumba uliyoijenga kwa mikono yako. Lakini bati lililong'olewa litaezeka tena, na aliyehama akiwa hai atalima tena.

Sasa nitaje kalenda, hasa kwa milima yenye mvua za vuli na masika. Mwezi wa Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu, fanya ukaguzi, chimba mfereji, laza kifusi, jenga ukuta. Mvua za vuli zikianza, panda majani. Januari na Februari ziba mapengo, safisha mifereji, tengeneza gata. Masika yakianza, kazi ni moja tu: kukesha. Kila mvua kubwa ikikatika, mtu mmoja achukue chepe azunguke mfereji, kwani jani moja la mgomba likiziba mfereji, maji yote yataingia nyumbani.

Na mvua ikinyesha siku mfululizo, wenye nyumba za mashaka wakalale kwa ndugu. Ukisikia ngurumo ardhini, au miti ikivunjika bila upepo, au kijito kikikauka ghafla wakati mvua inanyesha, toka. Kijito kikikauka hivyo, maana yake kimezibwa huko juu na kitapasuka. Usikimbie kufuata bonde. Kimbia pembeni, upande mgongoni mwa kilima. Na baada ya mporomoko msirudi upesi kuchimba vitu. Mwaka 2024, mwezi wa Julai, huko Gofa nchini Ethiopia, watu waliokwenda kuokoa wenzao walifukiwa na mporomoko wa pili. Kwanza wekeni mtu wa kutazama mlima, ndipo wengine waingie.

Kwa kumalizia, nayarudia kwa ufupi ili mwenye kalamu aandike. Moja, tazama dalili na upime ufa. Mbili, ongoza maji ya paa na ya mlima mpaka mahali salama. Tatu, laza kifusi au ukishike kwa mawe. Nne, panda majani kwa mistari ya usawa, uyatunze. Tano, patana na jirani wa chini. Sita, mlima ukitembea, hama kabla haujakuhamisha.

Wiki hii, kabla hujaenda shambani, zunguka nyumba yako mara moja tu. Simama upande wa chini, ule tusiouangalia, uinue macho uone nyumba yako imekaa juu ya nini. Wenye maswali wamwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata, wamwombe apande nao mpaka hapo.